Viatu vya Alhamisi

4 Februari

Kwa Mwalimu Mkuu, mpwa wangu, mama mwenye funguo zote,

Mimi sijawahi kuogopa kitu tangu nilipotoka tumboni mwa mama yangu. Nyoka nimemkanyaga. Mkaguzi wa elimu nimemjibu. Mke wangu, Mungu amrehemu, nilipata kumwambia mchuzi wake una chumvi, na nikalala fofofo. Basi uliponiandikia kwamba kuna mambo yasiyoeleweka shuleni kwako, nilicheka mpaka meno ya bandia yakadondoka.

Uongo huo. Sikucheka. Nilipofika pale uliposema "kamba zimekunjwa zikaingizwa ndani ya kiatu," niliinuka nikaenda kufunga mlango. Ilikuwa asubuhi, jua kali. Mke wa mwanangu akaniuliza, "Baba, unamfungia nani nje?" Nikasema kuku. Hatufugi kuku.

Sasa nijibu shtaka, maana barua yako ni shtaka hata kama umelivika suti. Unasema darasa la tano wanavua viatu barazani kwa sababu sakafu yao umeipiga rangi nyekundu na hutaki ichubuke. Sawa. Kila Alhamisi baada ya mapumziko wanaingia kufanya marudio ya Hisabati. Wakitoka, baraza tupu. Viatu viko ng'ambo, kwenye ukuta wa kiwanja, jozi kwa jozi, visigino vimegusa ukuta, kamba ndani. Na unaniuliza kama "nina taarifa yoyote kuhusu suala hili."

Mwanangu, mimi nina magoti mawili. Moja bado linafanya kazi, jingine limeshastaafu linakula pensheni. Kutoka hapa mpaka kwako ni safari ya basi ya kutwa. Nije kwa siri, nibebe viatu vya watoto wa watu, nivipange, nirudi, halafu nikane? Ningekuwa na nguvu hizo ningeoa.

Ila hicho kipindi nakijua. Kilikuwa changu, cha michezo. Kwenye ratiba ya wiki nzima walinipa hicho kimoja, kimebanwa kati ya mapumziko na Sayansi, kama mgeni asiyetakiwa anavyopewa kiti kibovu. Hawakunipa kwa sababu nimesoma. Shule mimi iliniacha njiani, au mimi niliiacha, inategemea unamuuliza nani. Walinipa kwa sababu hakuna mwalimu mwenye cheti aliyetaka kupigwa na jua kwa ajili ya somo lisilotahiniwa. Ulipokalia kile kiti cha ofisini, kitu cha kwanza ulichofuta ni mimi. Nilikwishaondoka, lakini ulinifuta.

Ndiyo maana nakuuliza na mimi: hivyo viatu vilianza kuhama lini? Kabla hujafuta, au baada?

Mjomba wako,
Filimbi (bado wananiita hivyo, na filimbi yenyewe ilishapotea)


12 Februari

Mjomba,

Sikukuandikia ili tutaniane. Nilikuandikia kwa sababu simu huisikii, na kwa sababu jinsi vile viatu vinavyopangwa ni wewe peke yako uliyekuwa ukiwapanga watoto hivyo. Wazee waliosoma hapa wamenithibitishia.

Swali lako nalijibu: baada. Kipindi cha michezo nilikifuta Januari. Viatu vilianza Alhamisi ya kwanza.

Nilikifuta kwa sababu matokeo ya shule hii yalikuwa aibu, wazazi wanalalamika, na hakuna mtoto aliyewahi kufaulu mtihani kwa kuruka kamba. Hiyo ndiyo sababu niliyoiambia kamati. Sababu nyingine unaijua. Uliniambia mwenyewe kwa kinywa chako siku tuliyomzika mdogo wangu. Sitaiandika.

Alhamisi iliyopita nilisimama dirishani mwenyewe nikaitazama ile baraza. Mlinzi alikuwa getini. Niliinama kuokota chaki. Nilipoinuka, hapakuwa na kiatu hata kimoja.

Ningevumilia hata hayo. Lakini binti yangu yuko darasa hilo. Juzi aliomba ruhusa ya kwenda chooni, hakurudi. Nilimkuta kiwanjani, ameketi chini karibu na ukuta, peku.

"Viatu vyako viko wapi?"

"Ananishikia."

"Nani?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Huyo anayeshika viatu vya watu, Mama. Anasema niende tu, yeye atabaki navyo."

"Uende wapi?"

"Nikakimbie. Nikamwambia Mama amenikataza. Akasema na yeye alikatazwa."

Mkono wake ulikuwa wa baridi, Mjomba, katikati ya jua. Nimemzuia kukimbia tangu alipojua kutembea. Daktari anasema moyo wake ni mzima kabisa. Daktari huyo hakuwepo kwenye msiba ule. Nilikwishampoteza mmoja kwa sababu ya kiwanja kile, wa pili sitoi.

Kamati imekubali kiwanja kijengwe ukumbi wa mitihani. Natakiwa kutia saini mwisho wa mwezi, na nitatia. Simenti ikishamwagwa, sidhani kama kuna mtu atakayepanga kitu pale. Kabla ya hapo, Alhamisi ijayo, viatu vyote nitavifungia ofisini mwangu.

Kama una neno la maana, niandikie. Kama ni mzaha, baki nao.

Mwalimu Mkuu


16 Februari

Mpwa wangu Siafu,

Nimekuita jina lako la utotoni ili ukasirike, maana mtu akikasirika husoma barua mpaka mwisho.

Usitie saini. Neno la maana ni hilo, mengine ni ya mzee tu.

Unasema hakuna aliyefaulu mtihani kwa kuruka kamba. Kweli. Na hakuna aliyewahi kupanda ngazi kwa kutumia jedwali la kuzidisha. Mtoto kichwa anacho, sikatai. Lakini chini ya kichwa kuna nini, mfuko wa kukibebea? Mimi nilikuwa napokea watoto wameketi tangu asubuhi, miguu inatetemeka chini ya dawati kama injini ya gari bovu, na ninyi wenye vyeti mnaita utundu. Nawatoa nje. Mjinga wa darasa anakuwa mfalme. Yule anayetukanwa kila siku na mwalimu wa Hisabati, anakimbia mbele ya wote, na akirudi ndani anakaa kwenye kiti chake tofauti kabisa. Hakuna mkaguzi aliyewahi kuja na chombo cha kupimia kile kiti.

Kulikuwa na mmoja, ngoja. Alikuwa haongei kabisa. Walimu walidhani bubu. Siku moja kwenye mbio za kupokezana kijiti akamwona mwenzake amezubaa, akapiga kelele: "Geuka, mbuzi wewe!" Neno lake la kwanza shuleni. Nilimpa adhabu ya tusi, halafu nikaenda nyuma ya choo nikafurahi peke yangu.

Haya. Kuhusu huyo anayeshika viatu. Sikwambii namjua. Nakwambia tu kwamba hana ubaya, hakuwahi kuwa nao. Vile viatu usivifungie. Na mjukuu wangu akitaka kwenda, mwache aende, wewe simama karibu.

Umenikumbusha nilichokwambia siku ya maziko. Nakikumbuka kuliko wewe. Kiache kilale.

Mjomba wako,
Filimbi


20 Februari

Mjomba,

Leo ni Alhamisi. Nimevifungia.

Niliwakagua darasa la tano mlangoni, kisha mimi na mwalimu wa zamu tukavibeba viatu kwenye makapu mpaka ofisini. Ufunguo nilining'iniza shingoni. Nilikaa nje ya mlango wa ofisi kwenye kiti, kipindi kizima, kama mlinzi. Hakuna aliyepita.

Kengele ilipolia nilifungua. Viatu vilikuwepo vyote. Nilifurahi, Mjomba. Nilisema kwa sauti, "Unaona?" sijui nilikuwa namwambia nani. Nikaanza kuwagawia watoto. Kila mmoja akapata vyake, akaenda. Jozi moja ikabaki.

Raba nyeupe, ndogo, zenye mstari wa bluu. Kwenye ulimi wa kila mguu kuna uzi mwekundu uliotiwa kwa mkono ili zisichanganywe na za wengine. Mama ndiye aliyetia uzi ule, nilikuwa nimekaa naye nikimshikia mkasi. Na wewe ndiye uliyezinunua.

Ni za Kiberiti. Za mdogo wangu.

Nimezigeuza. Nimeketi nazo tangu saa ile, watoto wameshaondoka. Soli ni safi. Hakuna mkwaruzo, hakuna vumbi hata kwenye mifereji.

Siku ya maziko nilikuuliza mbele ya watu: "Ulimkimbiza?" Ukanijibu: "Nilimkimbiza, tena na raba nilizomnunulia mimi." Mama alikuwepo, ametazama chini. Nimeishi na jibu hilo mpaka leo. Kwa ajili yake sijakanyaga kwako. Kwa ajili yake nimemketisha binti yangu. Kwa ajili yake nimefuta kipindi cha shule nzima.

Raba hizi hazijawahi kukimbia, Mjomba. Niambie ukweli, kabla sijatia saini. Na uniambie zilikuwa wapi.


25 Februari

Mpwa wangu,

Zilikuwa kaburini. Nilizitia mwenyewe, kabla udongo haujarudishwa, wakati ninyi wanawake mmeshaondoka. Mchimba kaburi aliniangalia, nikamwambia, tazama pembeni, akatazama pembeni.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na goti lile lililostaafu likarudi kazini kwa muda. Nimejaribu kuanza na utani, kalamu imekataa. Nitauchomeka huko mbele ukitokea.

Mdogo wako alikimbia kwenye kipindi changu mpaka ile likizo uliyorudi kutoka shule ya bweni ukamwona ameshika ukuta wa jikoni, midomo imebadilika rangi. Ukamwambia mama yako. Ulifanya kile ambacho dada yeyote mwenye macho angefanya, na daktari alipompima akasema moyo una kasoro ya kuzaliwa nayo. Shule zilipofunguliwa wewe ukarudi bweni, na dada yangu akaja mpaka kiwanjani, akaniambia: "Kaka, mwanangu asikimbie tena." Nikatii. Dada yangu alikuwa mdogo kwangu kwa kuzaliwa tu, kwa mengine yote alikuwa mkubwa.

Zile raba nilikuwa nimeshanunua. Alikuja nazo kila Alhamisi kwenye mfuko, lakini hakuzivaa, aliziweka tu mahali pa mwisho ukutani kana kwamba mwenyewe yuko mbioni. Maana wenziwe walikuwa wanakimbia peku, na mimi nilimpa kazi ya kushika viatu vyao. Utasema kazi gani hiyo. Aliifanya kama waziri! Hakuna aliyepoteza kiatu enzi zake. Mpango ule unaosema ni wangu haukuwa wangu, ulikuwa wake. Kamba alikuwa anaziingiza ndani. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nikiziacha nje, vitaondoka vyenyewe vikakimbie, vitaniacha."

Alikaa pale ukutani muhula mzima. Alijua mbio zangu kuliko mimi. Alikuwa anawapigia kelele, "Kunja mkono! Usitazame nyuma!" Na wote wakisharudi wanahema, yeye alikuwa anahema nao.

Halafu akafa. Nyumbani, kitandani, asubuhi, akiwa anangoja chai. Hakukimbia popote. Moyo ulisimama kama saa ya ukutani inavyosimama, hakuna aliyeigusa.

Wewe ukaja kutoka bweni umevaa sare ya shule, ukaniuliza vile. Mimi nikamtazama mama yako, mama yako akatazama chini. Ningesema "hakukimbia," ungepoa dakika moja. Halafu ungejiuliza swali la pili: kama angekufa tu, basi kwa nini nilimfanya anyimwe mbio? Ulikuwa mtoto. Swali lile lingekula mifupa yako. Mimi mgongo wangu ni mpana, nikalibeba upande wangu. Mama yako alinishika mkono jikoni baadaye, akasema, "Kaka, asijue." Hata alipokuwa anaondoka duniani alinikumbusha.

Nilidhani utanichukia wiki mbili, tatu. Sikujua una pumzi ndefu namna hiyo. Ningejua ningekuweka kwenye mbio ndefu.

Nimeona utani umetokea. Basi nimalize.

Sijui kwa nini amerudi. Mimi si mganga, na mtu wa darasa langu asiulizwe mambo ya makaburi. Lakini alikuwa na kipindi kimoja tu kwa wiki cha kuwa karibu na kitu alichokipenda, na sasa anatoka huko atokako anakuta watu wamekaa ndani wanajumlisha. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungetafuta viatu.

Anamwambia binti yako aende. Hamwiti aje. Soma tena ulichoniandikia. Kuna tofauti, na ndiyo inayonifanya nilale.

Mjomba wako


8 Machi

Mjomba,

Sikutia saini. Mwenyekiti wa kamati ananiita mwendawazimu, kwa heshima. Nimemwambia kama ukumbi ni lazima, ujengwe pale tunapoegesha magari ya walimu. Hapo hakuna aliyeunga mkono.

Alhamisi baada ya mapumziko nilikwenda darasa la tano. Mwalimu wa Hisabati alikwishashika chaki. "Mwalimu Mkuu, nina kipindi." Nikamwambia, "Mwenyewe amerudi." Nadhani alinielewa vibaya, na sikumsahihisha.

Niliwatoa nje. Mjomba, hawakujua la kufanya. Walisimama mstari, wakanitazama kama wanangoja swali. Nikasema, "Kimbieni." Mmoja akainua mkono: "Itatoka kwenye mtihani?" Mwingine: "Mpaka wapi, Mwalimu?" Nikasema mpaka ule mti na kurudi. "Tukachukue nini?" Nilitaka kulia. Mimi ndiye niliyewafanya hivyo.

Binti yangu ndiye aliyevua wa kwanza. Hakuniuliza. Aliweka viatu vyake ukutani, kamba ndani, akanigeukia, nami nikatikisa kichwa kukubali, na kile kichwa kilikuwa kizito. Wengine wakafuata. Mwishoni kabisa niliziweka zile raba, mahali pa mwisho.

Sina filimbi. Nilipiga makofi.

Walikimbia vibaya, wakagongana, wakaanguka, wakacheka. Nilimtazama binti yangu tu. Alipofika kwenye mti alisimama, akainama, akashika magoti. Nilianza kwenda. Sijui kama nilikuwa natembea au nakimbia. Kabla sijafika, aliinua uso akageukia upande wake wa kushoto, ambako hapakuwa na mtu, akasema, "Usitazame nyuma!" Akaangua kicheko, akachomoka kurudi.

Nikageuka kutazama ukuta. Watoto wote walikuwa peku na viatu vyote vilikuwa ukutani. Mahali pa mwisho palikuwa patupu.

Hazijarudi mpaka leo. Viatu vya barazani havihami tena. Kipindi nimekiandika kwenye ratiba kwa wino, kwa madarasa yote. Lakini Alhamisi, watoto wakishaingia kwenye Sayansi na kiwanja kikiwa kitupu, kuna nyayo za mtu mmoja zinazunguka kule nje, za haraka, za mtu mwepesi. Darasa zima linasikia. Mwalimu wa Sayansi anainua sauti kidogo na kuendelea. Hakuna anayechungulia dirishani, hata mimi. Kila jioni naweka sikio kifuani kwa binti yangu, ananiambia, "Mama, moyo bado upo."

Kwako sijui niseme nini. Nimekuchukia kwa kitu ambacho hukufanya, na ulikuwa ukijua. Hukuja kwenye harusi yangu kwa sababu sikukualika. Hukumwona binti yangu mchanga. Mama alikuwa akienda kukuona, mimi nabaki garini. Nisamehe. Nimeandika neno hilo kurasa mbili nzima hapa chini nikazichana, kwa hiyo lichukue hili moja.

Na lile swali la pili ulilonificha, sasa ninalo. Linauma kama ulivyosema. Lakini nimelipokea nikiwa mtu mzima, na hiyo ni zawadi yako.

Mpwa wako


14 Machi

Mpwa wangu,

Barua imefika. Mke wa mwanangu alinikuta nayo akadhani kuna msiba, nikamwambia hapana, huu ulishapita, leo tumeanua matanga.

Kuhusu zile nyayo, msichungulie. Si kwa sababu ni hatari. Mwanariadha akitazamwa sana anavunjika mwendo, hilo nalijua bila cheti.

Mwenyekiti wa kamati asikusumbue. Mwalike siku moja kiwanjani, mvue viatu, mwambie akimbie mpaka kwenye mti. Akirudi hai hatakuwa na pumzi ya kubisha.

Swali la pili usilibebe peke yako. Ulimwona mdogo wako ana shida ukasema. Kama ungenyamaza na angeanguka kiwanjani, leo ungekuwa unaniandikia barua nyingine, mbaya kuliko hii. Mkononi ulikuwa na mawe mawili, kusema na kunyamaza, ukachagua moja. Mimi na mama yako nasi tulichagua yetu siku ya maziko.

Msamaha umeuomba vizuri, lakini mimi sikuwa nakudai msamaha. Ninachokudai ni kidogo zaidi, na ni cha zamani. Siku ile ya maziko ulinipita mlangoni ukiwa na sare yako hukuniamkia. Hujaniamkia tena tangu hapo. Hata barua hizi unaanza "Mjomba," halafu koma, kama karani wa zahanati anayemwita mgonjwa wa foleni.

Barua ijayo anza na shikamoo. Moja tu, sitaki za nyuma zote. Marahaba ninayo tayari, nimekutunzia.

Mjomba wako,
Filimbi